Joho Lililopanda Patsy

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka ishirini na tisa, ndipo shida iliponishika. Uhuru tulikuwa nao, ila wenye amri walikuwa vijana, nao wakapiga marufuku harusi kubwa. Mimi fundi wa majoho ya harusi pale Moroni, kisiwani Ngazija, nimshonee nani? Hata cherehani haikuwa yangu, na mwenyewe akaja kuichukua.

Akabaki mteja mmoja, mzee wa kwetu Ntsudjini aliyehamia Patsy, huko milimani kisiwa cha Nzwani. Alitaka kuoa kwa heshima zote, mlango umefungwa, maana kwetu asiyefanya harusi ya joho, hata awe na mvi, huzikwa bado akihesabiwa kijana. Aliniahidi cherehani yake ya kukanyaga. Joho nikalidarizi kwa mkono. Nikajiviringishia tumboni, nikafunga leso juu yake, nikavaa kanzu, nikapanda chombo kwenda Nzwani.

Bandarini Mutsamudu vijana wa kamati ya serikali wakaniuliza nimefuata nini. Nikasema nimekuja kutembea, kuona milima na pwani tulivu. Uongo wa kijinga huo. Kwetu mtu huenda pwani kwa samaki, kwa mchanga, au kwa haja ambayo sitaiandika. Vijana wakafurahi: mfanyakazi ana haki ya kupumzika, watanipeleka wenyewe.

Wakanipeleka kweli. Pwani nzuri, hakuna mtu, nami nimekaa juani kama chungu cha wali, jasho linachuruzika. Mkubwa wao akaniambia nivue nioge.

Nikasema, “Siwezi, ndugu yangu. Nina busha.”

Akanitazama kuanzia kiunoni mpaka chini ya kwapa. “Busha gani linafika kifuani?”

“La Ngazija,” nikamjibu. “Lenu la hapa dogo.”

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakanionea huruma, na hapo ndipo nilipoogopa, maana walitaka kunipeleka kwa daktari, na daktari angenifunua. Nikasema dawa yangu iko Patsy kwa mzee fulani. Basi wakaazima kitanda cha kamba, wakanibeba wanne, mlima wote ule, wanapokezana, wanautukana uzito wangu. Mimi nikaguna kila kona, kwa adabu.

Mzee alipofungua mlango na kuona kamati nzima, akataka kuufunga tena. Vijana wakanikabidhi, wakamsihi anitibu vizuri, wakashuka. Serikali iliyokataza joho ndiyo iliyolifikisha.

Nikalifungua. Mzee akalinusa, akageuza uso.

“Mwanangu, nioe mimi au lioe jasho lako?”

Likaanikwa ndani siku tatu. Akaoa nalo. Nikarudi na cherehani kichwani.

Darasani nilikaa miaka miwili tu, na leo walionizidi masomo wananiamkia. Nina cherehani ile ya kukanyaga, bado inashona. Nina mbili za umeme. Nina duka Moroni, shamba la migomba juu ya Mvuni, mbuzi saba. Nina joho langu mwenyewe, nimelivaa mchana kweupe marufuku ile ilipokwisha. Nyumba ni ya mke wangu, kama ilivyo desturi yetu. Busha sina.