Timazi, Aliyevunja Ngazi za Kanisa

Alizaliwa mtoto wa nne na wa mwisho katika nyumba ya vyumba viwili ambayo bado haikuwa imepigwa lipu, na baba yake, fundi mwashi, alisema siku hiyo kwamba ukuta utasubiri. Jina la ubatizo alikuwa nalo, ila halikumkaa. Akiwa na miaka saba alitazama ukuta ambao baba yake alikuwa ameumaliza, akasema umeinama. Baba akacheka, akashusha timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo mafundi hupimia wima, na kweli ukuta ulikuwa umeinama. Tangu hapo akaitwa Timazi na kila mtu, hata na padre aliyembatiza.

Wito wake haukuja kwa ndoto. Baba alipofariki, binti akiwa na miaka kumi na tisa, alichukua mwiko wa marehemu na wiki iliyofuata akapanda jukwaani. Mafundi wenzake walimcheka, lakini kuta zake ziliwafunga midomo. Alipofika miaka thelathini parokia ilimkabidhi ujenzi wa kanisa, naye akaliwekea mbele ngazi tisa, pana na zilizonyooka. Alijivunia ngazi hizo kupita kiasi. Hatuna sababu ya kumfichia hilo.

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, akipiga lipu chini ya paa la kanisa hilohilo, ubao wa jukwaa ulivunjika, akaanguka chali juu ya rundo la mawe. Hakupoteza fahamu. Aliwakataza vibarua wasimwinue, kisha akawauliza miguu yake iko wapi. Hospitalini daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba uti wa mgongo umekatika na kwamba hatatembea tena.

Mama yake, aliyeishiwa sauti kwa kulia, aliandika kikaratasi cha kusomwa kanisani: "Binti yangu amepooza. Asanteni kwa sala zenu." Katekista alikuwa amesahau miwani nyumbani na hakutaka watu wajue. Akasoma kwa sauti kubwa, "Binti yangu amepona. Asanteni kwa sala zenu." Vigelegele vikalipuka, na waamini wakaimba nyimbo tatu za shukrani. Saa hiyo Timazi alikuwa kitandani, muuguzi akimfundisha kujiwekea mpira wa mkojo kwa mikono yake mwenyewe, naye analia kwa hasira.

Alirudi nyumbani baada ya miezi mitano, kwenye kiti cha magurudumu. Kwa muda mrefu hakutaka kuishi; alikaa akitazama ukuta na kukataa chakula. Polepole akajifunza kuteleza kutoka kitandani hadi kitini juu ya ubao laini, na kujikagua mgongo kwa kioo asije akapata vidonda. Lakini parokia ilijiona imedhulumiwa muujiza. Katekista alikuwa ameshajua kosa lake, akanyamaza kwa aibu, naye mama aliposema hakuandika hivyo, hakuna aliyemsikiliza. Shangazi yake Timazi, kiongozi wa kikundi cha sala, akatoa hukumu kwamba mtoto alipona kweli, kisha dhambi ikamwangusha tena. Akawa anakuja kila jioni na wanawake sita kumwamuru asimame. Siku moja mguu wa kushoto uliruka wenyewe, shangazi akapiga kigelegele.

"Ni misuli tu hiyo, shangazi," Timazi akamwambia. "Unaruka hata nikipiga chafya."

"Ungama, mwanangu, usimame."

"Niungame nini? Kuanguka?"

Kamati ya parokia ikakata shauri: asipokee Komunyo mpaka aungame mbele ya watu. Kwa hakika hawakuhitaji kumzuia, maana ngazi tisa zilishamzuia. Vijana walijitolea kumbeba, akakataa. "Mimi si mfuko wa saruji," alisema. Akaomba wajenge mteremko wa kupandishia kiti. Kamati ikajibu kwamba utaharibu sura ya kanisa. Kilichomwinua moyo basi kilikuwa hasira, na hatuoni haya kuiandika hapa, kwa sababu Mungu hutumia anachokikuta ndani ya mtu.

Jumamosi asubuhi alifika na nyundo na tindo, akajishusha juu ya mto wa kukalia, akaanza kuvunja ngazi ya chini. Padre akatoka mbio.

"Binti, unabomoa nyumba ya Mungu?"

"Hapana, Padre. Nabomoa ngazi zangu. Nilizikosea."

Watu wakajaa uwanjani. Wengine walitaka anyang'anywe nyundo. Ndipo katekista akapita katikati yao, akasema kwamba kikaratasi kiliandikwa amepooza, na yeye hakuwa na miwani.

Shangazi akakaa chini palepale. "Kwa hiyo hakupona?"

"Sikupona, shangazi, wala dhambi haikuniangusha. Ni ubao tu uliovunjika. Haya, nani ananichanganyia zege?"

Katekista alichukua sepetu. Padre alikunja mikono ya kanzu yake, na shangazi akabeba mchanga mpaka jioni.

Kazi ya kujenga mteremko ilichukua wiki sita. Jumapili ya kwanza baada ya hapo Timazi aliupanda kwa nguvu za mikono yake, akapokea Komunyo ameketi. Nyuma yake walipanda watu kumi na mmoja wasioweza kupanda ngazi, ambao parokia haikujua kwamba inao, miongoni mwao msichana wa miaka kumi na sita ambaye hata jirani wa ukuta mmoja hakuwahi kumwona. Huo ndio muujiza wake wa kwanza. Ulishuhudiwa na kanisa zima.

Aliishi miaka ishirini na saba zaidi, akifundisha uashi ameketi, na kufukuza kazini yeyote aliyemwonea huruma. Figo ndizo zilizomchukua. Padre alimfariji kwamba huko aendako atatembea, akajibu, "Nikikuta ngazi, nitawaomba nyundo." Alifariki siku ya pili.

Mwaka uliofuata kamati iliagiza picha yake, na mchoraji akamchora amesimama wima, miguu imeng'aa. Shangazi, aliyekuwa mkongwe wa kushikiliwa, aliitazama.

"Huyu simjui," alisema. "Mrudishieni mchoraji, akamkalishe."

Picha ikarudi ameketi, ikatundikwa chini, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Anayetaka kumuiga Timazi asianze kwa kupiga magoti mbele yake. Aende kwanza mlangoni kwake mwenyewe, aangalie ngazi alizojenga zinamzuia nani.