Redio ilivyowafukuza watu kwenye siti ya mbele ya gari ya Athman

Wakuu, assalaam aleikum. Na wale wa bara wenye salamu zao nyengine, hamjambo.

Mimi ni nyanya wa Amu, kisiwa cha Lamu. Kusoma nilisomea gumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa na wajukuu tayari, kwa hivyo mkiona herufi imepotea itafuteni wenyewe. Lakini haya niliyaona kwa mato yangu. Waliokuwapo wote wa hai, na majina yao ninayo.

Majina ya kampuni za gari tu ndiyo siwapi. Mjukuu wangu Salma kanambia nikitaja nitapelekwa kortini, nami magoti yangu hayawezi ngazi. Basi moja nitaiita Kampuni Kubwa, ile ambayo hata mtoto mdogo wa chuo cha Kurani anaijua alama yake. Nyengine ni Kampuni Ndogo.

Haya.

Ndugu yangu Athman, mdogo wangu niliyemwachia ziwa la mama, anakaa kisiwa cha Pate. Ana gari ya Kampuni Kubwa, iliyotumika Japani kwanza. Boti zikifika Mtangawanda, yeye huchukua watu pale gatini akawapeleka Pate mjini. Mwenzake katika kazi hiyo ni Bwana Shee, na gari ya Shee ni ya Kampuni Ndogo.

Athman hakujaaliwa mtoto. Siku ya akika ya Salma alimbeba akaapa mbele yetu sote: huyu siku ya kwenda kwa mumewe, nitamwendesha mimi. Wakati huo hata gari hana. Alikuwa na punda, akiitwa Tabasamu, na alikuwa mkali.

Sasa mjue huku kwetu siti ya mbele ina adabu zake. Haketi mtu hivi hivi. Huketi mkubwa, au maalimu, au mama mkwe. Na hata huyo hakubali mara moja. "Ingia wewe." "La, wewe ndiye mkubwa." Mpaka yule aliyeitaka tangu mwanzo aingie, huku akisema mumemlazimisha.

Basi redio ikatangaza.

Kampuni Kubwa inaziita gari zake zirudi zikatengenezwe, wenyewe wanasema recall. Eti ule mfuko wa hewa ulio mbele ya abiria, eabegi, ukifumka vibaya unarusha vipande vya chuma. Ikasemwa asubuhi. Ikasemwa adhuhuri. Ikasemwa jioni, kabla ya matangazo ya vifo, kama kwamba ndiyo inayoyaleta. Kwenye tivii wakaonyesha gari, na rangi yake ni ile ile ya Athman.

Wakuu, hamjaona adabu mpaka muone watu wa Pate wiki ile.

Maalimu Bakari, aliyeketi mbele miaka yote, akasema siku hizi anapenda upepo wa nyuma. Bi Mwanakombo akampisha Mzee Omari. Mzee Omari akampisha Bi Mwanakombo. Wakapishana hivyo mpaka jua likawatoa jasho, wote wawili wakaenda kubanana nyuma na wachuuzi wa samaki. Siti ya heshima akapewa jogoo wa Bi Mwanakombo, ndani ya tenga, na akafungwa mkanda.

Kisha hata nyuma wakahama. Wakaenda kwa Shee.

Na Shee ana mdomo. Alikuwa akisimama gatini akiita, "Ingieni gari isiyotajwa redioni!" Athman amekaa ndani ya gari yake peke yake, anafuta kioo kisicho na vumbi.

Akapiga simu gereji ya kampuni, Mombasa. Binti wa watu, kwa sauti nzuri, akamwambia ailete tu, kutengenezwa ni bure. Akamuuliza atakuja kwa barabara gani. Athman akasema yuko kisiwani. Binti akasema sawa, lakini kwa barabara gani.

Gari ile iliingia Pate juu ya mashua mbili zilizofungwa pamoja kwa mbao, na Athman ndia nzima alikuwa akisoma sura zote anazozijua. Kuirudisha vile kwa ajili ya mfuko hakuweza.

Likaja lililomvunja. Arusi ya Salma imekaribia, mume ni wa Pate, na mama wa mume ni Bi Riziki, mwanamke wa maneno machache na yote ni ya mwisho. Akaleta ujumbe kwamba bibi arusi akishuka Mtangawanda atapandishwa gari ya Shee.

Nikavuka mwenyewe kwenda kusema naye. Nikamkumbusha kiapo cha akika. Akanisikiliza, akanimiminia kahawa, akasema, "Bi Mwanaesha, mimi sina neno na Athman. Lakini redio haina udugu na mtu."

Nilimkuta Athman kwake. Hakulalamika. Alinambia tu, "Dada, basi niwafuate nyuma na mizigo."

Hilo ndilo lililonitoa usingizi. Nikamwita Mutua, makanika wa Mokowe kule bara, Mkamba mwenye adabu zake, avuke aje aitazame. Akafungua ile dashibodi mbele ya siti. Sote tumesimama mbali, mimi nimemshika Athman mkono, na Mutua mwenyewe amegeuza uso.

Hamna mfuko.

Mlikuwa na taulo. Taulo ndogo nyeupe, imekunjwa vizuri sana. Mtu huko ilikotoka aliung'oa mfuko zamani, akaziba kwa taulo, akaiuza. Pate nzima ilikuwa ikiikimbia taulo.

Mutua alicheka mpaka akaketi mtangani. Kisha akasita, akasema, mama, hili nalo si jema, mkigonga mahali hamna cha kuupokea uso wako ila dashibodi. Ndio maana tangu siku ile mimi nikipanda gari mkanda siufungui mpaka isimame.

Nikamuuliza, na ya Shee je?

Akaenda akasoma namba iliyopigwa kwenye chuma cha gari ya Shee, akaitia kwenye simu, kwenye ukurasa wa Kampuni Ndogo. Ikatoka pale pale. Nayo imeitwa irudi! Kitasa cha boneti hakishiki, boneti huweza kufunguka gari ikienda. Wameandika wenyewe, tena muda mrefu. Ila hakuna aliyeisoma kwa sauti.

Shee akaambiwa. Akatukazia mato akasema, "Lingekuwa kweli, redio ingesema."

Bi Riziki naye akaambiwa, ya taulo na ya boneti. Akasema hivyo hivyo.

Nami nikasema langu la mwisho. Salma ni wangu mpaka afike mlangoni kwa mumewe. Ataingia gari ya Athman, na mbele nitaketi mimi. Bi Riziki akasema nilivyo mkubwa hawezi kunizuia kufa, lakini yeye na wanawake wake watakwenda na Shee.

Siku ikafika. Tukashuka Mtangawanda na vigelegele. Salma nyuma na mashangazi, mimi mbele, mkanda umenibana mpaka buibui limekunjamana. Athman anaendesha polepole kama amebeba mayai, machozi yanamtoka na anasema ni vumbi.

Shee yuko mbele yetu, anapiga honi apate kuonekana.

Karibu na mashamba, gari yake ikaruka shimo moja tu. Boneti ikanyanyuka pwaa, ikafunika kioo kizima. Shee haoni mbele. Gari ikatoka ndiani taratibu, ikaingia kwenye rundo la makuti ya mtu aliyekuwa anataka kuezeka, ikatulia humo.

Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Walitoka mmoja mmoja, makuti yamewashika kitwani kama watu wa ngoma. Wa mwisho Bi Riziki. Akajipangusa. Akaitazama gari ya Athman. Nyuma kumejaa.

Mimi nikafungua mkanda, nikashuka. Nikasema, "Ndoo huku, Bi Riziki. Ingia mbele. Wewe ndiye mkubwa."

Akasema, "La, Bi Mwanaesha, wewe."

Nikasema, "La, wewe."

Akaingia. Akasema nimemlazimisha.

Mimi nikabanana nyuma na bibi arusi, na sijapata kuketi mahali pazuri kama pale.

Wakuu, nilimuuliza Nuru binti Fatma, aliyewahi kufanya kazi redioni, mbona ile nyengine hamkuisema. Akasema gari ambayo watu hawaijui, ubovu wake haumshughulishi msikilizaji. Kampuni Kubwa ikikohoa ni habari. Ndogo hata ikianguka, ni shauri yake na ukurasa wake.

Basi funzo langu ni hili: usingoje gari yako isomwe na matangazo. Namba iko kwenye chuma, mtafute mwenye simu akutilie. Na kampuni kutosemwa si kwamba ni salama, huenda ni kwamba haina umaarufu.

Shee siku hizi amefunga boneti kwa kamba ya mnazi. Ukimwambia aitengeneze, anasema bado hajasikia redioni.

Nanyi semeni: gari zenu zimetajwa au zimenyamaziwa? Na ambaye amewahi kufungua dashibodi akakuta taulo, anambie ilikuwa ya rangi gani.