Fomu Arobaini za Theodory

Kaka Theodory, mtoto wa baba mkubwa, ndiye wa kwanza kutoka kijijini kwetu Daudi kusoma siasa Chuo Kikuu. Sisi tulidhani siasa mtu anaisikiliza mkutanoni, bure. Likizo ya mwaka 1975 alirudi na suruali moja pana chini kama sketi, na fomu arobaini za maswali. Chuoni waliagizwa kila mmoja akafanye utafiti kijijini, alete mawazo ya watu arobaini. Asipoleta, anarudia mwaka.

Jumapili baada ya misa akazigawa. Wakubwa wengi walikuwa wamejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, wakazipokea kwa mikono miwili kama vyeti. Siku ya nne zikarudi zote. Kaka akasoma ya kwanza, ya pili, ya kumi. Akakaa chini kwenye tope, na suruali ile ile.

Majibu yote yalikuwa sawa, hata nukta.

Akamwendea Mzee Basili, mjumbe wetu wa nyumba kumi. "Shikamoo mzee. Nani kawaambia wajibu hivi?"

"Marahaba. Hakuna aliyeambiwa. Tulifanya kikao."

"Kikao cha fomu zangu?"

"Siku mbili! Umezaliwa hapa, umesahau? Jambo likiletwa, tunakaa mpaka tukubaliane. Tukupe maneno arobaini, huko Dar waseme Daudi wanagombana?"

"Mzee, mwalimu wangu atasema nimejaza mwenyewe! Nitarudia mwaka!"

Mzee akakuna kidevu. Kaka akauliza taratibu, "Hizo siku mbili mlibishania nini?"

"Hatukubishana. Alibisha Hilaria tu."

Shangazi Hilaria alikuwa anapita na kuni. Akazitua pu! "Mimi tu? Na wewe uliyetaka shamba la ujamaa lipaliliwe baada ya mahindi yako?"

Watu wakatoka majumbani, na kila aliyefika alikuwa na lake. Kaka akageuza fomu, akaandika nyuma, mpaka wino ukaisha akaninyang'anya penseli.

"Polepole, shangazi! Rudia hapo pa majembe!"

Ya arobaini ilipojaa, Mzee Basili akapiga makofi. "Vizuri. Sasa tukae, tukubaliane uende na yapi."

Kaka alibana fomu kwapani, akatoa shikamoo moja kwa wazee wote, akakimbilia lori la Karatu.

Mwaka hakurudia. Kikao kilifanyika bila yeye, siku tatu, na barua ya makubaliano ikamfuata Dar.