Ligi ya Siku Hamsini na Nane

Jina lake ni Leland Brandvold, ila pale Iowa ukimuulizia Leland watu watakukodolea macho. Sema Mayonesi. Alilipata Nne Julai moja, sikukuu ya uhuru wa Marekani, mbele ya mji mzima. Mechi ya besiboli ya pikiniki, anakimbilia kituo cha mwisho, akateleza, breki zikagoma, akazama kifuakifua kwenye karai la saladi ya viazi la kina mama. Mtangazaji akashika kipaza sauti: "Mayonesi amefika salama!" Jumapili yake hata mchungaji alimsalimia hivyo. Ikawa imeisha.

Mayonesi anaendesha greda la kaunti. Kiangazi anasawazisha barabara za changarawe, baridi anasukuma theluji. Na ana ugonjwa mmoja: ratiba za ligi za besiboli zilizokufa zamani. Anazinakili kutoka magazeti ya zamani ya maktaba, halafu anazicheza upya jikoni kwa kadi za wachezaji, dadu ikiamua kila mpigo, yeye na bintiye Signe.

Shida ilikuwa kalenda. Mkewe alipomwacha alihamia Arizona na mtoto, na hakimu akampa Mayonesi likizo ya kiangazi tu: tano Juni mpaka mosi Agosti. Siku hamsini na nane. Ligi zile za zamani zilianza Mei zikaisha Septemba, Sikukuu ya Wafanyakazi ya kule Marekani. Kwa hiyo kila baridi jamaa alikaa na rula na penseli, anabana. Nne Julai haiguswi: timu jirani zinakutana mara mbili, asubuhi kwa huyu, mchana kwa yule, kama walivyofanya wazee. Lakini Septemba aliiburuta mpaka mosi Agosti, ili bingwa apatikane kabla mtoto hajapanda ndege.

"Baba, hii timu umeiweka miji miwili saa ileile," Signe alimwambia, ana miaka tisa.

"Wana basi la mbio."

"Mwaka 1936?"

"We mtoto, rusha dadu."

Wakaenda hivyo miaka saba. Signe alipofika kumi na sita akapata kazi ya kulinda bwawa la kuogelea huko kwao. Angekuja siku nne tu. Mayonesi hakulalamika. Aliikata ligi, timu sita zikabaki mbili.

"Wengine wako wapi?" Signe aliuliza alipoiona karatasi.

"Wamefilisika."

Signe hakucheka. "Umewaua kwa ajili yangu."

"Zamani zilikuwa zinafilisika hivyohivyo. Rusha."

Siku ya nne, mechi ya mwisho, nne kwa nne, raundi ya saba kati ya tisa imeisha, saa ya kwenda uwanja wa ndege ikafika. Signe akabeba begi, akasimama mlangoni.

"Nije Krismasi tuimalizie?"

Mayonesi alicheka kwa nguvu. "Besiboli Krismasi? Kwenye theluji? Acha utani, mama."

"Sawa," Signe akasema. Basi. Sawa tu.

Desemba wakiwa wanasukuma theluji, alimsimulia mwenzake wa kazini, Rollie Voss.

"Ngoja kwanza. Mtoto anataka kuja Krismasi, we ukakataa?"

"Sikumkataa yeye. Nimekataa tarehe."

"Mayonesi! Ni dadu! Jikoni! Na hita inawaka!"

Mayonesi aliendesha maili nzima akiipiga hesabu. Mtu aliyeihamisha Septemba nzima ikahamika, kashindwa kusogeza mechi moja, raundi mbili.

Jioni ile akapiga simu.

"Ah, Baba, nimeshapanga na familia ya Mama. Si ulisema haiwezekani?"

"Nilisema, eeh."

"Tutaona kiangazi."

Kiangazi kikaja, bwawa likamchukua msimu mzima. Baadaye chuo. Anapiga simu, anaulizia greda, wanacheka. Mechi haitaji, na baba mtu anaona aibu kuitaja.

Kadi bado ziko mezani, nne kwa nne. Mayonesi anakula kwenye kona iliyobaki. Kila baridi bado anachora ratiba, mechi moja tu ndani yake, na pembeni ameorodhesha sikukuu zote, Pasaka, Siku ya Shukrani, Krismasi, Mwaka Mpya. Mbele ya kila moja kaandika: nafasi ipo.

Leo utani tuuweke pembeni. Kama kuna mtu aliwahi kukuomba siku ukacheka, na hakuomba tena, tuandikie hapo chini. Hata mistari miwili. Tutasoma zote.