Mbuzi wa Mburma

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya harambee, upande wa Mwingi. Walimu wa hesabu walikuwa hawakai kwetu. Waliona vumbi, wakauliza maji yako wapi, wakaondoka. Kwa hiyo tulipoambiwa tumepata mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, mwalimu mkuu alifurahi hata akanunua pazia jipya la ofisi.

Kijana alifika kwa pikipiki, mwembamba, mwenye miwani, na heshima nyingi kupita kiasi. Alimwinamia mwalimu mkuu. Akamwinamia mpishi. Akamwinamia mwenye punda aliyetuletea maji, na wapo wanaoapa kwamba punda naye hakusahauliwa. Wanafunzi walimwomba awafundishe karate. Akasema haijui. Hawakumwamini hata kidogo. Waliona huo ni unyenyekevu wa mtu anayeweza kukuua kwa kidole, na tangu siku hiyo darasa la hesabu likawa tulivu kuliko kanisa. Nidhamu ile hatukuwahi kuipata kwa kiboko.

Sasa, mimi nilikuwa nimeolewa katika boma lililo ng'ambo ya mto wa mchanga, karibu na shule. Mume wangu alifanya kazi bandarini Mombasa na kuja nyumbani Krismasi. Nilibaki na wazazi wake. Baba mkwe alikuwa amepelekwa na jeshi la Mwingereza kupigana na Wajapani huko Burma, na kila Krismasi alitusimulia habari zake. Kila mwaka Wajapani waliongezeka na mvua ya Burma ikazidi kunyesha.

Lakini mimi hakunisimulia uso kwa uso. Kwetu Ukambani mke wa mwana na baba mkwe wana nthoni, yaani ile haya ya heshima: hamtazamani, hamtaniani, na yako maneno ambayo hayatamkwi mkiwa pamoja. Tulizungumza kupitia kwa mama mkwe. Asipokuwapo, tulizungumza kupitia kwa kuku. "Hawa kuku," Baba angesema akitazama mbali, "wangepata mtu wa kuwapa maji wangeshukuru." Nami ningeondoka kimya kwenda kumletea maji ya kunywa.

Habari za mwalimu mpya zilipomfikia, aliacha kunusa ugoro wake.

"Muulize Mwalimu," alimwambia mama mkwe, nami nimesimama pale pale, "kama huyo Mjapani ana bunduki."

"Mwambie Baba ana chaki," nikasema.

"Mwambie awe macho. Hata kule walianza kwa karatasi za kutushawishi. Walizirusha kutoka kwenye ndege."

Wanafunzi hawana siri. Haukupita muda yule kijana akanijia katika chumba cha walimu, akasimama mbele yangu kama aliyevunja dirisha.

"Mwalimu, nataka kumwomba baba yako msamaha."

"Kwani umemfanya nini?"

"Si mimi. Nchi yangu."

Akanieleza kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba nchi yake iliingia nchi za watu kwa nguvu na kufanya mabaya mengi. Shuleni kwao, mwalimu wa historia alipofika hapo aliharakisha kufungua ukurasa. Baba yake mwenyewe alikuwa askari, na nyumbani hakuna aliyethubutu kumuuliza. "Kwetu watu wengine wanasema tukubali, wengine wanasema tusahau," akasema. "Mimi sijawahi kukaa na mtu niliyeweza kumuuliza."

Mwalimu mkuu aliposikia alishika kichwa. "Akikataliwa msamaha je? Ataona haya arudi kwao! Na kidato cha nne wana mtihani!"

Nilipeleka ujumbe nyumbani. Baba akafikiri, akajibu kupitia njia yetu ya kawaida: "Mwambie Mwalimu kwamba msamaha hauji mikono mitupu. Alete mbuzi."

"Mbuzi!" mama mkwe akashangaa. Alikuwa mama wa kanisa hasa, wa mstari wa mbele. "Bwana husamehe bure."

"Bwana hakunyeshewa Burma."

Kijana hakuona kichekesho. Alienda Mwingi siku ya soko la mifugo. Muuzaji akataja bei ya kuanzia, ile ya uongo ambayo kila mtu anajua ni ya uongo, na kijana akainama akalipa. Muuzaji aliona amedharauliwa. Akamfuata hadi kwenye pikipiki akibishana peke yake, mpaka akamrudishia sehemu ya fedha kwa hasira. Mbuzi akatiwa ndani ya gunia, kichwa nje, akafungwa nyuma ya pikipiki, akapita katikati ya mji akiwatazama watu kama diwani.

Jumamosi boma letu lilijaa. Majirani walikuja kushuhudia jambo la kimataifa, na wengi wao walikuwa na visu. Baba alivaa koti lake la jeshi, na jua lile! Kijana akamfungua mbuzi, akapiga magoti mavumbini, akashusha paji la uso hadi chini. Kuku wakakimbia. Baba akashtuka, akasogeza kiti nyuma kidogo.

Kijana akasema maneno yake, nami nikayageuza kuwa Kikamba. Sikuwa na mahali pa kutazama, kwa hiyo nilimtafsiria mbuzi. Alisema anaona aibu kwa yale ambayo nchi yake ilitenda. Alisema hana cheo na hakutumwa na serikali, ila ameona asikae karibu na mzee huyu akinywa chai kana kwamba hakuna kitu. Kisha akauliza: "Tafadhali nieleze. Ulipata mateso gani kwa sababu yetu?"

Baba akakohoa, halafu akaanza kueleza, kwa Kikamba cha waziwazi bila kona, jinsi jeshi zima lilivyohara katika msitu ule. Alieleza mwanzo wake, rangi yake na mwendo wake. Masikio yangu yaliwaka moto. Haya ndiyo maneno yenyewe ambayo mke wa mwana hayasikii, sembuse kuyatafsiri.

"Anasema," nikamwambia kijana kwa Kiingereza, "hali ya hewa haikuwafaa."

Baba akageuka. Miaka ya jeshini ilikuwa imemwachia Kiingereza kidogo, tena cha mahali pasipofaa. "Sikusema hewa!"

Majirani wakaangua kicheko. Nikajaribu tena nikafika tumboni, nikakwama. Hapo mama mkwe akasimama, akajifunga leso vizuri, akamwambia kijana mwenyewe kwa Kiswahili:

"Mwalimu, mzee anasema walihara. Wewe unajua kuhara?"

"Najua, Mama," kijana akajibu kwa taabu. "Mwezi wa kwanza hapa."

Baba alicheka hadi ugoro ukamwagika. Akamwambia kijana ainuke, aketi kwenye kigoda. Na tukadhani mambo yamekwisha, majirani wakaanza kumkaribia mbuzi.

"Ngojeni," Baba akasema. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Mwalimu, mweleze hivi."

Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yangu kunisemesha moja kwa moja. Sikujua nijibu au nimwachie kuku.

"Mweleze kwamba yeye na mimi hatudaiani sana. Yeye alinipiga risasi, mimi nikampiga. Alikuwa mgeni pale na mimi nilikuwa mgeni. Lakini kulikuwa na mtu mwenye nyumba. Mburma mmoja mkulima, mzee kama nilivyo sasa. Wajapani walipita wakala ng'ombe wake. Sisi tukaja kumkomboa, tukala nyati wake wa kulimia. Nyumba yake ikachomwa, na hadi leo sijui ni nani aliyeichoma, wao au sisi. Alisimama pembeni akatutazama tukila." Akamnyooshea mbuzi kidole. "Huyo ndiye wa kuombwa msamaha. Mbuzi huyu si wangu. Ni wa Mburma."

Nilitafsiri neno kwa neno. Kijana alivua miwani akaipangusa, akakaa bila kuivaa.

"Na Mwingereza?" jirani mmoja akaropoka. "Aliyekupeleka huko si yeye?"

"Mwingereza akija na mbuzi wake nitamsikiliza. Mpaka sasa sijaona hata kwato."

"Basi huyu tumle kwa niaba ya Mburma," jirani mwingine akashauri, mkono tayari kwenye kisu.

"Umetumwa na Mburma?"

Hakuwa ametumwa. Wakabishana hadi jua likainama. Wapo waliosema Mburma ameshakufa, wapo waliosema Burma haifikiki kwa miguu. Mama mkwe ndiye aliyekata kesi. Alisema kwetu mtu aliye mbali huwekewa mifugo yake kwa rafiki mpaka atakapokuja. Isitoshe, yule kijana hakujua kuchagua. Alikuwa ameleta jike lenye mimba, na jike lenye mimba halichinjwi. Majirani wakarudi makwao na visu vikavu, wakiilaumu Japani upya.

Tangu hapo kijana alikuja kila Jumapili jioni. Alileta majani ya kulisha mbuzi wa Mburma, akakaa na Baba wakachora ramani mchangani. Muda wake ulipokwisha akarudi kwao, na alituambia atamuuliza baba yake. Kama alimuuliza, hatukujua.

Kisha ikaja ile njaa tuliyoiita Nikwa Ngwete, yaani nakufa na fedha mkononi, kwa kuwa fedha ulikuwa nazo na chakula hakikuwapo. Mbuzi wetu walikufa mmoja mmoja. Wa Mburma, wakati huo wakiwa mama na wanawe, walistahimili. Baba alikataza wasiguswe. Tulikula mahindi ya manjano ya msaada huku mali ya mgeni ikitutazama kutoka zizini.

Siku moja alienda kwenye foleni ya mahindi. Aliporudi alikuta boma linanukia. Mama mkwe akamwekea sahani mbele.

"Hii ni nyama ya nani?"

"Ya Mburma."

"Nilikataza."

"Nimemuuliza mwenyewe. Asubuhi, katika maombi. Nikamwambia wajukuu wana njaa. Akasema hata yeye anawajua watu wenye njaa, tule."

Baba akaisogeza sahani kando kidogo. "Ulimuuliza kwa lugha gani?"

"Kikamba."

"Akaelewa?"

"Kuliko wewe."

Akala. Alikula polepole, na alipomaliza aliomba maji, akaosha mikono vizuri sana.

Alifariki miaka ya tisini. Wanawe walipogawana mifugo, mume wangu alipewa ukoo wa mbuzi wale, kwa sababu ndugu zake hawakutaka mali yenye maneno. Wako nyuma ya nyumba yangu hadi ninapoandika haya, na jana waliingia shambani, wakala kunde zangu kama wenye nchi.