Mvua Aliyoitangaza Isidori

Ukitaka kumjua Isidori Nyoni, anza na ubao wake. Ulikuwa ubao mweusi wa shule, umepasuka kona moja, ameuegemeza nje ya steshenari yake hapa Mfaranyaki, Songea. Kila asubuhi, kabla hajawasha mashine ya kutolea kopi, aliandika habari za sayansi kwa chaki. "Chombo kimetua mwezini, kimelala ubavu, bado kinatuma picha." "Darubini ya angani imeona nyota inakufa." Chini ya habari aliweka maoni yake, na maoni hayo ndiyo yaliyowakusanya watu, maana Isidori hakuwa mtu wa kusema "labda".

Aliishia darasa la saba. Redio alijifunza kutengeneza kwa kuzifungua, simu vilevile, kompyuta vilevile, na Kiingereza alikipata kwa kusoma habari za anga huku kamusi iko magotini. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, naitwa Edna, nimehamishiwa huku kutoka Singida miaka sita iliyopita na cheti changu kiko ukutani. Isidori alijua mambo mengi kuliko mimi. Nalisema mara moja ili lipite.

Juu ya kompyuta alikuwa na msimamo mmoja: "Kompyuta haikosei. Anayekosea ni aliyekaa mbele yake." Akili mnemba aliiita kasuku aliyesoma sana, ukimuuliza atajibu, lakini usimwachie ufunguo wa nyumba. Kuhusu Mirihi, alipinga kabisa kupeleka watu. "Wapeleke magari," aliwaambia madereva wa bodaboda waliosubiri abiria pale nje, kana kwamba wao ndio wanaopitisha bajeti. "Gari halili, halilii, halimkumbuki mke. Sasa mtu akiumwa tumbo huko utamfanyaje?" Wakicheka aliwageukia: simu walizoshika zina nguvu kuliko kompyuta zilizowafikisha watu mwezini, nao wanazitumia kutazama watu wasiowajua wakigombana.

Siku moja nilipita pale na wazazi wawili wa wanafunzi wangu. Nikasoma ubao, nikajitia kuchangia kwamba sayari ni tisa. Isidori alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu! Pluto iliachishwa kazi tangu mwaka 2006. Hawakukuletea barua?"

Wazazi wakacheka, bodaboda wakacheka, na kwa wiki nzima niliitwa Madamu Pluto. Alikuwa sahihi, na ndiyo maana niliudhika. Nakitaja kisa hiki mapema kwa sababu nisipokitaja nitaonekana mwema kuliko nilivyo.

Mtu aliyemsikiliza Isidori bila kucheka ni shangazi yake, Bibi Benigna wa Ruhuwiko. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki. Kila Jumapili baada ya misa alipitia steshenari, akasimama mbele ya ubao akiwa na rozari mkononi bado, akasomewa mstari kwa mstari kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri tena. Kisha aliuliza swali lilelile: "Na huko juu wanasemaje, baba?" Isidori akimjibu, bibi aliwatazama waliosimama pale mmoja mmoja, kuhakikisha kwamba wamesikia.

Bibi Benigna alikuwa na mahindi ambayo dukani huyapati. Meupe, punje pana, mbegu aliyokuja nayo mama yake alipoolewa. Wenzake walishahamia mbegu za pakiti zamani. Yeye kila mavuno alichagua mahindi bora, akayavua maganda nusu, akayafunga mawili mawili na kuyatundika kwenye boriti juu ya mafiga, moshi ukayapiga mpaka yakawa meusi na wadudu wakayakimbia. Na alikuwa na sharti: msimu ukianza anashusha nusu tu. Nusu nyingine inabaki juu hadi ile ya kwanza iote na ipaliliwe. Mama yake alifanya hivyo hata mwaka wa njaa, watoto wakilia chini ya mahindi yale.

Basi mwaka jana, Alhamisi moja ya katikati ya Novemba, nilipeleka mitihani ya kufunga muhula ichapwe. Isidori alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mtoto. Kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na picha za mawingu yenye matone, siku kumi na nne mfululizo, kuanzia Jumanne.

"Unaona, Mwalimu? Kazi ya satelaiti hiyo. Wazee wanasubiri mawingu yalale juu ya milima ya Matogoro, mimi nimeshayaona yakiwa bado baharini."

Nikavuta kiti, nikatazama. Juu ya zile picha, pembeni, kwa maandishi madogo, paliandikwa Dar es Salaam.

Niliona. Sitaki kusema sikuona. Nilifungua mdomo, nikamkumbuka Madamu Pluto, nikaufunga. Nikajiambia huenda ndivyo zinavyoandika, huenda ofisi ya hao watu iko Dar. Na chini ya hapo, kama nitasema kweli yote, kulikuwa na kisauti kinachosema: mwache. Nikachukua mitihani yangu nikaondoka.

Jumapili ubao ulikuwa na herufi kubwa: MVUA JUMANNE. SIKU 14. Watu waliotoka misa walisimama, zaidi ya ishirini, na mimi nikiwemo. Novemba hapa kila mtu ana jembe akilini.

"Basi kesho nitashusha nusu," akasema Bibi Benigna.

"Nusu ya nini, shangazi? Shusha yote," akasema Isidori. "Panda shamba zima kavukavu, mvua iikute mbegu chini. Kubakiza nusu ni kwa watu wasio na satelaiti."

Sefu, dereva wa bodaboda anayependa methali, akadakia kutoka kwenye pikipiki yake: "Usiache mbachao kwa msala upitao, fundi!"

"Msala huu haupiti, Sefu. Uko angani, unazunguka."

Watu wakacheka. Bibi Benigna hakucheka. Alimtazama mpwa wake, akawatazama watu, akazungusha rozari kiganjani. "Haya, baba," akasema. "Kama umeshasema."

Jumatatu alishusha yote, akapanda shamba zima. Jumanne ikanyesha kweli, mchana, kama saa moja hivi. Isidori alisimama barabarani bila mwavuli, shati limemgandia, akiwapungia mkono wapita njia kana kwamba wao walikuja kwenye harusi yake. Kisha mvua ikakata. Jumatano jua, Alhamisi jua, wiki ikaisha jua, ikaanza nyingine. Kimvua kile kilitosha kuzivimbisha mbegu, hakikutosha kuziotesha. Chache zilizotoa ncha zilikauka, na zilizobaki kwale walizifukua.

Siku ya tisa nilikuwa steshenari kununua kalamu. Redio ilikuwa imewashwa, na msomaji akasema mvua kubwa zilizoanza Jumanne ya wiki iliyopita Dar es Salaam zimejaza maji barabarani. Isidori alikuwa ameshika karatasi ya mteja. Aliiweka chini polepole, akaenda kwenye kompyuta, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alipoinuka alitoka nje, akaufuta ubao kwa kiganja, wakati kifutio kilikuwa palepale.

Baadaye alinieleza. Kompyuta ile ya mezani haijui iko wapi. Inabahatisha kwa kufuata njia ya intaneti, na intaneti yake inapitia Dar, basi ikamhesabu kuwa mkazi wa Dar. Ndiyo maana sisi wa Songea tunaletewa matangazo ya chipsi za kupelekewa mlangoni Sinza. Yeye mwenyewe alikuwa akituchekesha nayo hayo matangazo. Alijua, ila siku ile hakusoma jina, kwa sababu alichokiona ndicho alichotaka kukiona.

Lakini mbele ya watu hakusema hivyo. Sefu alipouliza mvua imeenda wapi, Isidori alijibu akiangalia pembeni: "Mabadiliko ya tabianchi. Hata satelaiti zimechanganyikiwa." Sefu akatikisa kichwa kukubali. Na mimi nikatikisa kichwa. Hadi leo nikikumbuka shingo yangu ilivyoinama na kuinuka pale, naona aibu.

Tangu hapo ubao ukabaki mtupu. Jumapili alifunga duka, ili shangazi yake akipita asimkute. Watu wakasema anaumwa. Mvua yenyewe ilikuja katikati ya Desemba, baada ya mawingu kulala Matogoro siku tatu, na majirani wa Ruhuwiko wakamchangia bibi mbegu za pakiti. Njaa hatapata. Shamba lake lilipandwa upya, lakini mahindi ya mama yake hayamo, wala hayamo kwa mtu mwingine yeyote.

Siku mbili kabla ya Krismasi Isidori alikuja kwangu. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni, akanieleza habari yote ya lile jina kwenye kona, na mimi nikaitikia "Ahaa", kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu, nisindikize Ruhuwiko," akasema. "Nikienda peke yangu nitageukia njiani."

Tulikwenda kwa miguu. Njiani mtu aliyejua habari za nyota zote alitembea akitazama vidole vyake vya miguu.

Bibi Benigna alitupokea jikoni. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha ya mtu asiye na kinyongo, akatupa vigoda na kututengea viazi vitamu. Juu ya mafiga, kwenye boriti, kamba zilikuwa bado zinaning'inia, nyeusi, hazina kitu. Isidori aliziona akainamisha macho. Mimi nilizihesabu, kwa kukosa pa kutazama, nikaachia njiani.

"Shangazi," akasema, "ile mvua ilikuwa ya Dar es Salaam. Iliandikwa kabisa. Mimi sikusoma. Halafu nilipojua, nikawadanganya watu, na wewe nikakukimbia."

Bibi alisukuma kuni ndani, akapuliza moto.

"Ya Dar mimi siyajui," akasema. "Ila nilijua mvua bado. Mawingu yalikuwa hayajalala."

Isidori akainua kichwa. "Ulijua? Sasa kwa nini ulishusha yote?"

"Baba, watu walikuwa wengi pale. Ningebakiza nusu juu, wangesema hata shangazi yake aliyemlea hamwamini." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Niliona heri yaharibike mahindi kuliko wewe kuchekwa."

Isidori aliweka kofia usoni akalia. Ana miaka arobaini na mitatu, na alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, shangazi yake akimpigapiga mgongoni kama anayembembeleza mtoto. Sijawahi kuona mtu anatiwa haya na wema kiasi kile. Kumbe bibi alinyamaza kwa kumpenda, na mimi nilinyamaza kwa kumchukia kidogo, na ukimya wa wote wawili ulifanya kazi ileile.

Kisha bibi akanigeukia, uso wake mwema. "Na wewe Mwalimu, mbona huli?"

Kiazi kilikuwa bado mkononi. Palepale ndipo iliponipasa kusema. Nikasema, "Asante bibi, ni cha moto."

Kesho yake asubuhi Isidori alinitumia ujumbe nipitie steshenari. Nikakuta watu wamekwishasimama, Sefu akiwa mbele na kofia yake ya pikipiki kwapani. Ubao ulikuwa umeandikwa tena, kwa mwandiko wa taratibu:

"Mvua niliyoitangaza Novemba ilikuwa ya Dar es Salaam. Jina liliandikwa, sikulisoma. Satelaiti hazikuchanganyikiwa, mimi niliwadanganya. Mbegu ya Bibi Benigna imepotea kwa sababu yangu. Mwenye kukumbuka kwamba aliwahi kupewa mahindi yale na bibi, hata punje kumi, aniambie nitamfuata popote. Isidori Nyoni."

Na chini yake, mahali pa maoni: "Kompyuta haikosei. Anayekosea ni aliyekaa mbele yake."

Hakuna aliyecheka. Sefu alisoma kwa sauti, akarudia, kisha akasema ana dada aliyeolewa kule Nakapanya ambaye mama yao aliwahi kumpelekea mbegu ya bibi, miaka mingi iliyopita, ila hajui kama bado anayo. Isidori akaandika namba ya simu kiganjani. Halafu akanijia, akanipa chaki.

"Mwalimu, kagua. Sitaki tena kuacha neno bila kusomwa. Kama kuna kosa sahihisha, kama kuna la kuongeza, ongeza."

Chini ya jina lake palibaki nafasi, kama ya mstari mmoja. Siku ile ya Alhamisi mbele ya kompyuta tulikuwa tumekaa wawili, viti vikigusana. Watu walikuwa wananisubiri, wazazi wa wanafunzi wangu wakiwemo. Nilisoma kutoka juu mpaka chini, nikasoma tena.

"Hakuna kosa," nikamwambia, nikamrudishia chaki.