Faustin, panel na viduara: nilivyokosa kiti cha ofisi ya kanisa Durban

Wakuu, heshima zenu wote.

Nimesoma humu vijana wanalia kwamba vitu vyao vinachanganyikana kwenye screen, nikaona leo niseme yangu. Sitii chumvi. Na majina nataja, kwa sababu wenyewe hawakunionea aibu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Durban. Mimi nimekimbia vita Fizi, kule Kongo, nikavuka ziwa mpaka Kigoma, nikapita Malawi na Msumbiji, sehemu nyingine kwa miguu. Huko kote nilipona.

Panel ya computer ndiyo iliniangusha.

Shule yangu iliishia primaire ya tano. Kazi yangu ilikuwa kulinda magari kwenye parking ya maduka, Overport, jua la Desemba lote kichwani. Sasa kanisa letu, Wakongo na Warundi wengi, likapewa computer ya zamani. Pasteur Gédéon akatangaza kwamba atakayeingiza wanakwaya wote ndani yake ndiye atakayekaa ofisini. Kiti, feni, na mlango wa kufunga.

Wakuu, niliitaka ile feni.

Hapo ndipo anaingia Faustin. Mwanafunzi, amepanga chumba Glenwood, hamalizi sentensi bila kusema "logiquement", Kifaransa cha "kimantiki". Alikuwa na CD ya kutengenezea programu, akanifundisha Jumamosi tatu.

Fomu yetu ilikuwa na maswali matatu. Jinsia: mwanaume au mwanamke. Ndoa: anayo au hana. Sauti: soprano, alto, tenor, bass. Kila jibu na kiduara chake, ukiclick nukta nyeusi inaingia.

Faustin akasema kila swali liwe na panel yake, yaani kile kisanduku kinachozunguka vitu kwenye dirisha. Hapo alikuwa sahihi, simnyimi haki yake.

Kisha akasema chora viduara vyote pembeni, halafu vivute uviweke juu ya panel.

Nikavuta. Ikapendeza mpaka nikamuita jirani yake aje aone.

(Kwa faida ya wasiojua: kila Jumamosi nilimpelekea bunny chow, ule mkate unaotobolewa ukajazwa mchuzi wa maharage. Alikula na ganda. Hakuwahi kuuliza kama mimi nimekula.)

Nikaanza kuingiza watu. Naclick "mwanaume", nukta inaingia. Naclick "ana ndoa", nukta ya mwanaume inatoka. Naclick "bass", nukta ya ndoa inatoka.

Nikamuuliza Faustin mbona hizi nukta zinafukuzana.

"Papa Amani, logiquement, ikitoka hapo ina maana imeshaingia ndani," akaniambia. "Ni computer inakumbuka. Usiisumbue."

Mtu wa primaire ya tano nibishane na logiquement? Nikaingiza wanakwaya wote.

Jumapili ile tulikuwa na wageni, kwaya kutoka Johannesburg. Kwetu mgeni akija, wanakwaya wanatajwa mmoja mmoja, jina na hali ya nyumbani, mtu anasimama, watu wanapiga makofi. Pasteur akachukua karatasi zangu bado zina joto la printer. Hakuzisoma kabla. Naye namtaja.

Wa kwanza alikuwa shemasi wetu, Papa Kalonda. Ndevu, kipara, watoto sita, sauti ya kutetemesha viti.

Pasteur akasoma: "Kalonda. Mwanamke. Hana ndoa. Bass."

Papa Kalonda alikuwa ameshasimama na kufunga kifungo cha koti. Hakujua akae au aendelee. Wageni, watu wa adabu, wakapiga makofi.

Pasteur akadhani ni kosa la mstari mmoja, akaenda wa pili. Mwanamke, hana ndoa, tenor. Huyo alikuwa bwana harusi wa mwezi uliopita, bibi yake amekaa pembeni. Kufika wa tano hall nzima imelala kwa kucheka, isipokuwa Mama Kalonda.

Akasimama polepole, mtoto mgongoni. "Pasteur, samahani. Iulize hiyo mashine, hawa sita nimezaa na nani?"

Nikamtazama Faustin, aliyekuja kuiona kazi yake. Faustin akatazama ceiling. Alipoulizwa akasema, "Mimi nilimuonyesha panel tu. Majina aliandika Papa Amani."

Mbele ya watu wote, wakuu.

Jumatatu nikaenda ofisini peke yangu. Kwa hasira nikashika ile panel ya ndoa, nikaivuta pembeni nione nyuma yake iko nini.

Panel ikaja. Viduara vikabaki palepale.

Eish. Nilikaa chini.

Havikuwa ndani ya panel hata siku moja. Vilikuwa vimekaa juu yake tu, vyote vinane bado mali ya dirisha moja kubwa, na hapo computer inakubali nukta moja peke yake. Na Faustin alikuwa ameandika kwenye programu kwamba ikikosa nukta kwenye "mwanaume", iandike mwanamke, ikikosa ya ndoa, iandike hana. Kwa hiyo kila baba, nilipoclick sauti yake tu, alipoteza ndevu na mke kwa pamoja.

Dawa ilikuwa dakika kumi. Nikacut viduara, nikaclick panel kwanza, nikapaste. Nikavuta panel, vikafuata kama vifaranga. Nikaingiza Papa Kalonda upya: nukta tatu, zote zimetulia. Nusura nilie. Nikawarudia wanakwaya wote mpaka jioni.

Jumanne nikaja na orodha mpya. Kwenye kile kiti, chini ya feni, amekaa Mama Kalonda na daftari kubwa na rula.

"Papa Amani, hii ni nzuri sana," Pasteur akasema, anapitisha macho kwenye karatasi. "Lakini huyu mama hahitaji umeme."

Mama akanigeuzia daftari. Mstari wa kwanza: Kalonda, mwanaume, ana mke, bass. "Ana mke" imepigiwa mstari mara mbili, kwa kalamu nyekundu.

Nikarudi parking. Miaka minne mingine.

Somo langu ni hili: kuwa juu ya panel si kuwa ndani ya panel. Iclick panel kwanza, ndipo uchore kitu chako. Na kabla hujaingiza hata jina moja, ivute. Vitu vikifuata, uko sharp. Vikibaki, utavunja ndoa za watu.

Mwenye kisa cha mwalimu wa aina hii aweke hapa chini, kunicheka pia ruhusa. Nasikia Faustin siku hizi anafundisha computer Canada. Wewe mwanafunzi wake wa Canada unayesoma hapa, nenda kavute panel yako sasa hivi, urudi utuambie kilichobaki.